Kosa lililobaki baada ya RAM mbovu kutolewa

Faili moja ya video, ambayo hakuna aliyeigusa, ilisomwa mara mbili kwenye kompyuta ileile ikatoa heshi mbili tofauti za SHA-256. Hapo ndipo kisa hiki kilipoacha kuwa cha Windows au cha diski. Heshi ni namba inayokokotolewa kutoka kila baiti ya faili. Faili isipobadilika, namba haibadiliki, leo wala mwakani. Ikibadilika, ipo sehemu kati ya diski na prosesa ambapo data inaharibika ikiwa njiani, na mtuhumiwa wa kwanza ni RAM, kumbukumbu ya muda ambamo data hukaa inapofanyiwa kazi.

Kompyuta yenyewe ni wekstesheni ya zamani, ya kizazi cha Xeon E5-1620 kilichotoka 2012: prosesa ya koa nne, chaneli nne za kumbukumbu (njia kati ya RAM na prosesa), sloti nane, RAM ya DDR3. Ni katika zile mashine zilizotumika ng'ambo ambazo hapa Kenya tunaziita ex-UK, na bado zinabeba kazi nzito kwa bei ambayo mashine mpya haiwezi kuikaribia. Inakaa ghorofani katika Mji wa Kale wa Mombasa, studio ya dada mmoja anayepiga video za harusi, hasa upande wa wanawake.

Jambo hili la upande wa wanawake liliamua namna uchunguzi wote ulivyofanywa. Siku ya kupamba, bibi harusi anapotolewa mbele ya wanawake wenzake, mwanamume haingii ukumbini na mpiga video ni lazima awe mwanamke. Picha zile ni amana. Familia inamwamini mwenye studio kwamba hazitaonwa na asiyehusika, na amana hiyo haikatiki kwa sababu kompyuta imeharibika. Nilipofika aliniambia wazi: "Kaka, ukitaka kuifungua ifungue hapahapa nikiona. Diski haitoki, na picha hazifunguliwi." Nikamjibu kwamba sihitaji kuona picha hata moja. Ilikuwa kweli, na ilikuwa kheri pia, kwa sababu mashine yenye RAM inayoshukiwa haifai kuwashwa ikiwa imeunganishwa na diski ya kazi. Kila inapoandika, huenda inaandika uharibifu.

Dalili zilikuwa zile zinazowachosha mafundi wengi. Video iliyokwisha kurendwa, yaani kukokotolewa kuwa faili ya mwisho, ilitoka na vipande vya kijani na zambarau vilivyoruka kwa muda mfupi kisha vikatoweka. Ikirendwa tena, vipande vinahamia mahali pengine. Faili za zip zilizobeba picha za albamu zilikataa kufunguka. Skrini ya buluu ilikuja na jina jipya kila mara: leo MEMORY_MANAGEMENT, kesho PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, keshokutwa programu ya kuhariri inajifunga bila neno. Kabla yangu Windows ilikuwa imewekwa upya, diski imebadilishwa, na kadi ya grafiki ilikuwa imeanza kusingiziwa. Kila tiba ilileta nafuu ya siku chache. Nafuu hiyo ndiyo inayopoteza watu: ukiweka Windows upya, programu zinakaa mahali pengine ndani ya RAM, na ile sehemu mbovu inaweza kuangukia data isiyotumika sana kwa muda. Kisha mzigo unapoongezeka, inaguswa tena.

Makosa yanayobadilika majina yananielekeza kwenye RAM kuliko makosa yanayorudi na jina lilelile. Dereva mbovu hurudia kosa lake. Biti, ile sifuri au moja ya kompyuta, inayogeuka ndani ya RAM huangukia chochote kilichopo pale kwa wakati ule: picha, faili ya mfumo, orodha ya folda.

Jaribio la heshi lilifanywa kwa amri ya certutil -hashfile, kwenye faili kubwa kuliko RAM yote ya mashine. Ukubwa ule ni muhimu. Faili ndogo ikishasomwa, Windows huibakisha kwenye RAM, na ukiisoma tena unapewa nakala ileile iliyokwisha kuharibika, kwa hiyo heshi inafanana na wewe unaridhika bure. Faili isiyotosha ndani ya RAM hulazimika kusomwa upya kutoka diski. Diski hiyohiyo ilipochomekwa kwenye laptopu yake, palepale mezani, heshi ilitoka moja kila mara. Ripoti ya SMART, ambayo diski hujiandikia kuhusu hali yake, ilikuwa safi: hakuna sekta zilizohamishwa, hakuna zinazosubiri, na hesabu ya makosa ya kebo, ile namba 199, ilikuwa sifuri. Stima ya mtaa ule hupanda na kushuka, lakini mashine ilikuwa kwenye UPS nzima. Diski na umeme vikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Nilipotaka kujua RAM iliyomo ni ya aina gani, ndipo lilipotokea jambo lililonisikitisha kuliko mengine yote. Ilikuwa GB 32: vipande vinne vya GB 4 vya ECC vilivyokuja na mashine, na vinne vya GB 4 vya kawaida vilivyoongezwa baadaye ili kuharakisha kazi.

RAM ya kawaida hubeba biti 64 kwa mkupuo. Ya ECC hubeba 72, na zile nane za ziada ni za ukaguzi. Ikigeuka biti moja, kidhibiti cha kumbukumbu hutambua ni ipi, huirudisha, na kazi inaendelea. Zikigeuka mbili katika neno moja, hakiwezi kurekebisha lakini kinajua, na mashine husimamishwa badala ya kuachwa iendelee na data mbovu. Wekstesheni hujengwa kwa ajili hiyo. Lakini ulinzi huu unataka vipande vyote viwe na zile biti za ziada. Madabodi hii ilikubali kuwaka na mchanganyiko, na kwa kukubali ikazima ECC kwa vipande vyote, vile vizuri pamoja na vile vya kawaida. Haikupiga mlio wala kuandika onyo kwenye skrini. Tangu siku ile kompyuta iliyotengenezwa kulinda data ikawa inafanya kazi bila ulinzi, na mwenyewe akiamini ameiboresha.

Kulithibitisha hakuhitaji bisibisi. Kwenye Windows 10, amri ya wmic memorychip get devicelocator,datawidth,totalwidth inaonyesha kila kipande: penye ECC upana wote ni 72, penye RAM ya kawaida ni 64. Amri nyingine, wmic memphysical get memoryerrorcorrection, inatoa namba: 3 maana yake hakuna urekebishaji, 5 na 6 maana yake upo. Hapa ilitoka 3. Kwa macho pia kunaonekana: kipande cha kawaida cha DDR3 aghalabu kina chipu nane upande mmoja, cha ECC kina tisa. Kwenye lebo, PC3-12800U ni cha kawaida na PC3-12800E ni cha ECC.

Kabla ya kung'oa chochote, niseme ninavyolifikiria kosa la RAM, maana uamuzi wote wa mbele umetokana na fikra hii. Programu ya kupima ikionyesha kosa, watu husema RAM imekufa, wakakimbilia dukani. Lakini programu haijui kipande. Inachojua ni kwamba iliandika thamani fulani na iliposoma ikapata nyingine. Kati ya kuandika na kusoma kuna safari: chipu zilizomo kwenye kipande, meno yake ya dhahabu, sloti, nyaya ndani ya madabodi, pini za soketi ya prosesa, vituo vilivyo chini ya prosesa, na kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho kwa Intel kimekuwa ndani ya prosesa tangu kizazi cha Nehalem cha 2008. Kosa linaituhumu njia nzima. Kazi ya fundi ni kubadilisha kitu kimoja kimoja mpaka kosa lifuate kitu kimoja tu, likihama nacho na kubaki nacho.

Diski zote zikachomolewa. Kipimo cha Windows chenyewe kilikuwa kimeshaendeshwa na fundi wa awali na hakikuona kitu. Sishangai, kile kipimo cha kawaida ni kifupi, na jibu lake safi lina uzito mdogo. Niliwasha mashine kwa flashi diski yenye Memtest86+, programu ya bure ambayo tangu toleo la 6, la 2022, inawaka hata kwenye mashine za UEFI, mfumo mpya wa kuwashia kompyuta. Kifuniko cha ubavuni kiliachwa kimefungwa, na chumba kiliachwa na joto lake la siku zote. Ukiipima mashine ikiwa wazi chini ya feni, unapima mashine isiyo ile inayofanya kazi. GB 32 za DDR3 huchukua saa kadhaa kwa mzunguko mmoja, na hapa hakuna njia ya mkato. Mwanzo ulikuwa safi. Makosa yalianza mashine ilipokwisha kupata joto.

Mistari karibu yote ilikuwa na sura moja: iliyotarajiwa ffffffff, iliyopatikana fffffbff. Tofauti yake ni 400 kwa hesabu ya heksadesimali, yaani biti ya kumi ukianza kuhesabu na sifuri, ileile, tena na tena, kwenye anwani zilizokaribiana. Biti moja isiyobadilika ni dalili ya ubovu wa kudumu katika chipu au waya mmoja. Umeme mchafu au joto kali la jumla huharibu huku na huko. Lakini kati ya mistari ile, michache ilikuwa na biti nyingine, ya ishirini na moja, kwenye anwani za mbali. Michache kiasi kwamba mtu mwenye haraka angeipita. Niliipiga picha skrini nzima kwa simu, kurasa zote. Ni desturi ninayompendekezea kila fundi, kwa sababu mashine ikizimwa ushahidi ule umekwenda.

Anwani hazikusaidia kujua ni kipande gani. Kwenye mashine ya chaneli nne, kidhibiti huzigawa anwani jirani kwa chaneli zote ili kuongeza kasi, hivyo kipande kimoja hakimiliki fungu lake la anwani peke yake. Ilibidi kung'oa.

Waya wa umeme ulichomolewa, taa ndogo ya madabodi ikasubiriwa izimike, mkono ukagusa chuma cha kasha. Unyevu wa pwani hupunguza umeme tuli, haumalizi. Kila kipande kilibandikwa karatasi yenye jina, E1 hadi E4 na U1 hadi U4, pamoja na namba ya sloti kilikotoka. Vile vinne vya kawaida vikapimwa peke yao: biti ya kumi ikajitokeza. Viwili: ikajitokeza. Kisha kimoja kimoja, vyote kwa zamu katika sloti ileile, ile ambayo kitabu cha mashine kinaitaja kuwa ya kwanza kujazwa. U3 ndiyo iliyokuwa na kosa. Ikahamishiwa sloti nyingine ya chaneli nyingine, na biti ya kumi ikaifuata hukohuko. Hukumu ya U3 ikawa imekamilika: kosa lilihama na kipande, na likabaki na kipande.

Nilitoa U zote nne, si U3 peke yake. Hata zile tatu zingekuwa nzima kabisa, kuwemo kwazo kungeendelea kuzima ECC. Mashine ikabaki na E nne, moja kwa kila chaneli, GB 16. Wmic sasa ikatoa ECC ipo, na Memtest86+ ikakimbia usiku kucha bila mstari hata mmoja mwekundu.

Wengi wangefunga kifuniko hapo, na mteja angefurahi. Lakini ile biti ya ishirini na moja ilikuwa haijapata mwenyewe. U3 ilipopimwa peke yake haikuitoa, wala ndugu zake. Usafi wa Memtest kwenye RAM ya ECC una tafsiri yake: biti moja ikigeuka, kidhibiti huirekebisha kabla programu haijaisoma, na programu inaona kila kitu ni sawa. ECC inapofanya kazi vizuri hulificha kosa la biti moja mbele ya kipimo cha namna hii. Kilichobadilika tangu jioni iliyotangulia kilikuwa ECC kuwashwa, na hicho peke yake kingetosha kuifuta mistari ile kwenye skrini.

Kwa hiyo swali likapelekwa kwa kidhibiti chenyewe. Linux ina mfumo uitwao EDAC unaosoma hesabu za marekebisho, na kwa kizazi hiki cha Xeon dereva wake ni sb_edac. Mashine ikawashwa kwa Linux ya kwenye flashi, ikapewa mzigo wa stressapptest, programu huria ya Google ya kuisumbua RAM, na pembeni ikasomwa faili ya dimm_ce_count ya kila kipande ndani ya /sys/devices/system/edac/mc. Hesabu za chaneli tatu zilikaa sifuri. Ya chaneli iliyobaki, ile ya tatu, ambayo dereva huiita Chan#2 kwa kuwa huanza kuhesabu na sifuri, ilipanda polepole, na kila mashine ilivyozidi kupata moto ndivyo ilivyozidi kupanda. Kila alama moja pale ni biti ambayo, siku ECC ilipokuwa imezimwa, ingeingia kwenye video ya mtu.

E iliyokuwa kwenye chaneli ile ikabadilishana nafasi na jirani yake. Hesabu haikumfuata, ilibaki Chan#2, sasa ikiwa na kipande kingine ambacho kabla ya hapo hakikuwa na kosa. Kipande kikahamishiwa sloti ya pili ya chaneli hiyohiyo: hesabu ikapanda tena. Kipande hakikuhusika. Sloti moja haikuhusika, maana mbili zisingekufa kwa biti moja ileile. Vitu vinavyozishirikisha sloti mbili za chaneli moja ni nyaya za madabodi, soketi, na prosesa.

Hapa Mombasa mkono huenda haraka kwenye kusafisha, na una sababu: hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vumbi linalonata kwenye sloti si la kupuuzwa. Nilisafisha meno ya vipande kwa spiriti ya aisopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Ningewasihi mafundi wenzangu waachane na kifutio cha penseli. Dhahabu ya meno yale ni nyembamba mno. Kifutio huikwangua na kuacha makombo yake ndani ya sloti. Kwa vyovyote, usafi huo haukubadilisha hesabu ya Chan#2.

Nikamuuliza mwenye studio kama prosesa imewahi kuguswa. Akakumbuka kwamba feni ilikuwa ikivuma sana, ikabadilishwa pesti ya joto, ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto. "Nina meseji ya M-Pesa ya siku ile," akasema, akaanza kuitafuta. Tarehe ile ikaja kutufaa kwa jambo jingine pia.

Soketi ya LGA2011 ina pini 2,011, na ziko kwenye madabodi. Chini ya prosesa kuna vituo bapa vya dhahabu vinavyokandamizwa juu yake. Kila biti ya kila chaneli ina kituo chake. Kituo kimoja kisipogusana vizuri, biti moja ya chaneli moja hupotea mara kwa mara, katika sloti yoyote ya chaneli hiyo, na zaidi chuma kinapopanuka kwa joto. Hiyo ndiyo sura kamili ya kosa letu. Kipoza joto kilifunguliwa kwa mzunguko wa msalaba, kidogo kidogo kila skrubu, na mbili kati ya nne zilikuwa zimekazwa zaidi kuliko wenzake. Frem ikafunguliwa kwa wenzo zake mbili, kwa mpangilio uliochorwa juu yake. Prosesa ilipogeuzwa kwenye mwanga, ukingoni palikuwa na utando mwembamba wa pesti juu ya vituo vichache. Pesti nyingi za joto hazipitishi umeme. Zikikaa kwenye kituo huwa kama kizibo.

Vituo vya prosesa vinafutwa. Pini za soketi hazifutwi. Kitambaa kikinasa pini moja na kuipinda, madabodi nzima imekwenda. Pini zinakaguliwa kwa lenzi na taa iliyoinamishwa: zote zilizo sawa hung'aa kwa mstari mmoja, na iliyopinda huonekana imetoka kwenye mstari. Zote zilikuwa sawa. Prosesa ikasafishwa kwa spiriti, ikaachwa ikauka, ikarudishwa, pesti kiasi cha punje katikati, skrubu kwa msalaba hadi mwisho. Kwa kuwa utando uliondolewa na mkazo ukasawazishwa kwa pamoja, kisa hiki hakimhukumu mmoja wao peke yake. Stressapptest ikarudishwa usiku kucha, kifuniko kimefungwa. Asubuhi hesabu za chaneli zote nne zilikuwa sifuri.

Aliniuliza kama U3 ingeweza kuachwa kwa namna fulani, maana aliinunua kwa pesa yake, na kwenye Windows kuna njia ya bcdedit ya kuziepuka anwani mbovu. Njia ipo. Sikumshauri. Utafiti wa Schroeder, Pinheiro na Weber uliochapishwa 2009, uliofuatilia seva za Google, ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata makosa yaliyorekebishika ndani ya mwaka, kwamba kipande kilichokwisha kukosea kina uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea tena, na kwamba makosa mengi hutokana na ubovu wa kudumu kuliko biti zinazogeuka kwa bahati. Kipande kilichoanza hakiachi. Kukizungushia ua leo ni kusubiri kivuke ua.

Anataka kurudi GB 32, na kwa kazi yake anazihitaji. Mtego wa soko uko hapa: vipande vya ECC vilivyong'olewa kwenye seva ni vya bei nafuu na vimejaa, lakini vingi ni PC3-12800R, yaani vyenye rejista. Vina pini 240 zilezile, vinaingia kwenye sloti bila kulazimishwa, na madabodi hii haiwaki navyo. Nilimwandikia kwenye karatasi: DDR3, PC3-12800E, mwisho herufi E, wala si R wala U, na muuzaji akubali kurudishiwa baada ya kipimo cha usiku mmoja.

Kisha kukabaki lililo zito kuliko mashine. Ana diski mbili za hifadhi, na kila harusi amekuwa akiinakili kwenye zote mbili. Nakala zote mbili zilipitia RAM ileile. Zikifanana, hazithibitishi kwamba ni nzima. Huenda zimeharibika kwa pamoja, hasa pale faili moja iliponakiliwa ikiwa bado kwenye RAM. Nilimweleza hili kwa uangalifu, kwa sababu harusi hairudiwi, na yeye alikuwa ameshaanza kutaja majina ya maarusi kichwani mwake.

Meseji za M-Pesa ndizo zilizogawa kazi. Siku aliyonunua zile U nne ndiyo siku ECC ilipozimwa. Harusi zote za kabla ya hapo zilinakiliwa chini ya ulinzi, tukaziweka kando. Siku ya kubadilisha pesti ndiyo siku njia ya pili ya uharibifu ilipofunguka. Kwa harusi za baada ya tarehe ya kwanza, tuliangalia kama memori kadi za kamera bado zipo. Kwa bahati njema ana tabia ya kutozifuta mpaka familia ichukue kazi yake, kwa hiyo za miezi ya karibuni zilikuwepo. Zilisomwa kwenye laptopu, kitufe cha kufungia kadi kikiwa kimesukumwa ili kisiandikwe kitu, heshi za kadi zikalinganishwa na heshi za diski. Faili zilizotofautiana zilinakiliwa upya. Hakuna picha iliyofunguliwa. Heshi haihitaji macho ya mtu.

Ambazo kadi zake zilikwisha kutumika tena, tulitumia ffmpeg -v error -i jina la faili -f null -, amri inayoifumbua video fremu kwa fremu, inaitupa bila kuionyesha popote, na kuandika makosa tu inayokutana nayo. Kwa video zilizobanwa kwa mfumo wa H.264 biti iliyogeuka aghalabu hujitangaza, kwa kuwa kila fremu hutegemea zilizotangulia. Uharibifu huendelea mpaka fremu kamili inayofuata, na ndiyo maana vile vipande vya kijani vilikuwa vikidumu kwa muda mfupi tu. Sauti isiyobanwa haijitangazi hivyo. Biti moja ndani yake ni mkwaruzo ambao sikio pekee litaukamata. Orodha ya faili zenye makosa ikatoka, nikamwachia. Yeye ndiye atakayezitazama, akiwa peke yake, na kuona panapoweza kuzibwa kwa picha ya kamera ya pili.

Tuliloongeza kwenye kazi yake ya kila siku ni faili ndogo ya maandishi ndani ya folda ya kila harusi. Heshi zinakokotolewa kutoka kwenye kadi, kwenye laptopu, kabla kadi haijakaribia wekstesheni, na nakala zote mbili zinapimwa kwa namba zile kabla kadi haijafutwa. Na kwenye daftari la matukio la Windows anaangalia WHEA-Logger, tukio namba 47, ambalo ndilo linaloandika kumbukumbu iliyorekebishwa. Likitokea, ananipigia simu siku hiyohiyo, na mashine inazimwa.